Anwani ya Nyuma

Miaka thelathini na mmoja nimegawa barua Tromsø,
njumu za chuma chini ya viatu, mkoba begani.
Najua mlango upi una mbwa,
na upi una mjane anayesubiri bili ya umeme
ili apate mtu wa kumsalimu.

Sasa barua ni mimi.
Hapana, nimekosea. Mimi ndio mtaa.

Daktari alipataja mahali penyewe
kama anayesoma anwani kwenye bahasha,
bila kupepesa.
Mimi kazini nilisema "tumbo".
Dada yangu Jorid nikamwambia "bawasiri".
Hata saratani zina vyeo:
ya titi huvalishwa utepe,
yangu hukalia mto wenye tundu, kimya.

Desemba. Jua limeaga tangu mwezi jana,
adhuhuri ni wino uliomwagika kwenye theluji.
Nashuka ngazi za hospitali
kuutafuta mwanga chini ya ardhi.

Eilif ananipa maji, vikombe vitatu.
"Usiende msalani. Kibofu kikijaa
huusukuma utumbo usikae njiani."
Nalala. Miale ya kijani inazitafuta
chale tatu za wino nyongani,
ndogo kuliko ufuta.

Mashine inanizunguka, hainigusi.
Ndani yake vibanzi vya chuma vinafunga, vinafungua,
vidole vya karani anayechambua barua za Krismasi.
Ragnfrid, mwanafizikia, alinionyesha ramani yake:
nyekundu penye uvimbe,
manjano kwenye tezi za kinena,
na kibofu, na vichwa vya mapaja,
vimezungushiwa mstari: hapa usibishe hodi.
"Zamani," akasema, "tulipiga mtaa mzima."
Nikaelewa. Nasi tulikuwa na Arvid,
aliyetupa magazeti yote nyumba ya kwanza
akaenda kunywa.

Wiki ya nne majirani wanalalamika.
Ngozi imebambuka. Kwenda haja
ni kukalia kaa, taulo katikati ya meno.
Vidonge asubuhi, vidonge jioni, kichefuchefu kati.
Ramani ni ramani;
kufika nyumba ya nyuma
lazima upite uani kwa mtu.

Siku ya ishirini na nane
Eilif alinipa karatasi ya miadi, akanisaidia kuvaa soksi.
Basi.
Kama barua imefika, tutajua kiangazi.

Januari jua likachungulia juu ya mlima,
dakika chache, jembamba kama ganda la chungwa.
Mji mzima ukala maandazi yenye jamu, ndiyo desturi.
Mimi nikala nimesimama.
Jorid akavuta kiti: "Kaa."
Nikamtajia. Neno lenyewe, si tumbo, si bawasiri,
neno fupi tulilochapwa kwalo utotoni.

Akafuta sukari mdomoni.
Akakirudisha kiti chini ya meza,
akala lililobaki amesimama,
bega lake likigusa langu.