Pete ya Chuma

Ukiingia, usiangalie dari kwanza.
Angalia chini, nguzo ya tatu, kushoto:
kuna pete ya chuma iliyoshika kutu.
Hapo alifungwa ng'ombe wa Honora Tobin,
mjane, mwaka ule padri alipobisha hodi
na theluji ya Newfoundland kwenye ndevu,
akiuliza pa kuweka altare.

Alimtoa ng'ombe. Akamlaza jikoni.
Misa ya kwanza: Waairishi kumi na mmoja,
mvuke wa pumzi badala ya ubani,
harufu ya maziwa na samadi.

Marumaru ilikuja baadaye. Na kinanda. Na askofu.
Wajenzi wakataka kuing'oa pete.
Fundi Dessie akagoma:
"Mwenye nyumba ni ng'ombe. Sisi tumekaribishwa tu."

Mimi hufagia hapa Jumamosi.
Huigusa: baridi.
Kisha hurudi kwenye ufagio.