Elfu Kumi, Kisha Saba

Nyamapara Kihongosi alipoisikia aliandika 17,000.
Shangazi Twilumba akamshika mkono wa kalamu:
weka pumzi katikati, akasema.
Elfu kumi. Halafu saba.
Miche ya paina, kila mmoja na kiriba chake,
na ukungu wa Mafinga haujaamua kuondoka.

Mkaguzi anakuja Alhamisi. Anataka mistari sawasawa,
mstatili usio na pengo la jino.
Kazi nikapewa mimi, wa kidato cha pili,
mwenye daftari na mwanga wa simu.

Kwa tatu: inabaki miwili.
Kwa saba: minne.
Kwa kumi na moja: minane, imesimama pembeni
kama watoto waliorudishwa ada.
Kwa ishirini na tatu, miwili.
Kwa ishirini na tisa, miwili tena,
nikadhani namba inanicheka.
Kwa sabini na tatu, sita.
Kwa tisini na saba, kumi na sita, na vidole sivisikii.
Hapo ndipo mwisho. Mia mara mia ni elfu kumi;
ukizidi hapo, kila mlango utakaobisha
ulishaubisha kwa upande wa pili.

Mwalimu huiita namba tasa.
Nililitamka neno hilo jikoni, kwa sauti,
nikasahau ni nani anayepuliza moto.
Shangazi hakugeuka.
Ndilo jina lake pale bombani
tangu kabla sijazaliwa.
"Haigawanyiki, basi ni tasa?" aliuuliza moto.
"Na hizo nyingine zinatoka wapi?"

Nikarudi daftarini.
Kumi na mbili ni mbili, na mbili, na tatu.
Ungeongezeka mche mmoja, namba ingelainika upesi:
mistari sabini na miwili, kila mstari mia na thelathini na tisa.
Ingeongezeka miwili, ingegoma upya,
pacha wake huyo, ng'ambo ya ukuta.
Nikashuka nazo moja moja hadi chini kabisa,
na chini kabisa nilizikuta hizi,
zisizo na baba wala mama
ila moja na nafsi zao,
na zote nyingine zimetoka kwao.
Aliyezipa jina aliisoma familia kinyume.

Wala haziishi. Zinaadimika tu
kama nyumba ukipanda Kipengere:
unasema ile ilikuwa ya mwisho,
halafu, moshi.

Jumatano jioni Kihongosi alichoka.
Toeni hiyo saba, mtupe.
Mkaguzi akahesabu mia kwa mia, akatia sahihi,
akasifu unyoofu.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mstari mmoja wa miche.
Nilimwambia shangazi tungeipanda miwili miwili,
uwanja ungetosha.
"Jaribu," akasema,
akikung'uta udongo magotini.