Jina, Cheo, Namba

Bwalo la Ukonga, saa mbili usiku.
Madirisha tumeyaziba kwa mablanketi ya jeshi,
na ukutani kamisaa ameandika kwa chaki:
Mdomo uliponza kichwa.
Mimi Koplo Mfaume Kitwana, mwendesha projekta.
Kwa kuwa filamu ilisema Kizungu cha puani
niliamriwa nisimame ubavuni mwa shuka
niwasemee wote, kwa Kiswahili.

Ilikuwa ya vita vya zamani, vya Wazungu,
imekwaruzika hata mvua ikanyesha ndani ya vyumba.
Rubani ametunguliwa, mkono kwenye bandeji.
Afisa wa adui anamvutia kiti.
Hapigi. Hilo ndilo lililowashangaza vijana wetu.
Anamimina kahawa. Anajua hata jina la mbwa wao.
Karibu, mwanangu, kwako wewe vita vimekwisha.

Sauti ile niliipata upesi, Mungu anisamehe.
Niliiazima kwa mjomba wangu, dalali wa Kariakoo,
aliyeweza kukuuzia shati lako mwenyewe
na ukamshukuru kwa kukupunguzia bei.
Bwalo likacheka,
kisha likaacha kucheka.

Ya rubani ndiyo iliyonishinda.
Jina, cheo, namba.
Utayasemaje maneno matatu mara kumi na nne
yasigeuke dua?

Usiku wa tatu Luteni Anganile alinyoosha mkono.
Akiulizwa kama ana njaa, ajibu nini?
Mkufunzi akasema: jina, cheo, namba.
Na akiulizwa kama mama yake yu hai?
Mkufunzi akatazama saa.
Kesho yake mtu aliondoa maua ya plastiki
kwenye meza ya mkuu wa kikosi,
maana katika filamu chombo cha kunasa sauti
kilifichwa kwenye chungu cha maua.
Tulicheka wiki nzima.

Mkanda wa mwisho haukuletwa.
Stoo walisema umepotea bandarini, au haukupata kuwapo.
Picha ilikatika rubani akiwa bado kitini,
shuka likabaki jeupe, likitumulika nyuso,
nami nikaona aibu kuwaacha vijana pale.
Nikasema: akarudi kwao.
Nikaongeza mvua, na mbwa akibweka.

Machi.
Ndege nne ziliondoka, tatu zikarudi.

Mama yake alikuja kwa basi kutoka Tukuyu,
na kikapu cha maharage, na chupa ya chai.
Langoni hakutaja mkuu wa kikosi, alinitaja mimi:
yule koplo anayesema sauti za watu wote.
Mwanawe alikuwa amemwandikia.
Nilipewa amri ya maneno machache,
nikaingia chumba cha wageni, nikasimama wima.

Akanivutia kiti.
Akamimina chai kwenye kifuniko, akapuliza, akanipa.
Umeoa, mwanangu? Wanakulisha vizuri hapa?
Mgongo wangu ukaingia baridi.
Niliijua kila hatua ya njia ile,
nilikuwa nimeipita mara kumi na nne kwa mdomo wangu,
ila yeye hakuwa na hila,
na hilo silo tulilofundishwa kulizuia.

Nilijua alfajiri ile alisema nini redioni.
Nilijua redio ilikoroma kwa muda gani baadaye.
Vilikuwa vimenijaa hapa, chini ya ulimi.

Akaweka mikono mapajani.
Yule kijana wa kwenye picha, akasema.
Anganile aliniandikia kwamba alirudi kwao.
Ni kweli alirudi?

Mimi ni Mfaume Kitwana, mama.
Koplo.
Namba nikaianza, tarakimu ya tatu ikanipotea.

Hakulia. Alinitazama
kama mtu anayehesabu chenji na kuona imepungua,
akaamua kutorudi dukani.
Kunywa, akasema, inapoa.

Maharage yale nilimpelekea mke wangu, Temeke.
Akauliza: haya katoa nani?
Nikavua buti la kushoto,
nikakaa na la kulia mguuni
mpaka akaacha kuuliza.