Kistari

Saa nane za usiku, Shimanzi, ghorofa ya tatu.
Kiyoyozi kinadondoshea maji ndoo ya rangi
nami nasoma sera aliyoiandika Mwachiti
kabla hajahamia kampuni ya saruji.

Seva ishirini na tatu. Zote zimetii.
Ndiyo balaa yenyewe: zimetii.
Nilisema, wekeni kumbukumbu za makontena
kwenye $(njia_ya_ghala),
zikaenda kufungua folda, na jina lake
dola, mabano, njia_ya_ghala, mabano.
Kama tarishi aliyeambiwa "mpe mwenyewe"
akazunguka Makupa nzima
akimuulizia Bwana Mwenyewe.

Mara kumi na moja sikuliona kosa.
Nilishuku ruhusa. Nilishuku diski, umeme wa jana,
nikamshuku Mwachiti pamoja na saruji yake.
Nikaandika Njia kwa herufi kubwa,
kana kwamba heshima ingesaidia.

Shekuwe wa zamu ya mizani akaja kuomba chaja,
akachungulia begani kwangu:
"Mbona hiki kistari kiko kati
na hiki kiko chini?
Si watu wawili hawa?"

njia-ya-ghala
njia_ya_ghala

Unywele mmoja, umeteleza.

Nikacheka. Halafu kicheko kikaniishia.
Mimi ni Mwana-Heri kwenye cheti cha kuzaliwa,
Mwanaheri kwenye kitambulisho.
Mwaka ule, jengo la Uhuru na Kazi, dirisha la nne,
karani alizitazama karatasi zote mbili,
akazisukuma zikanirudia:
"Mlete mwenye jina hili."
Nami nimesimama mbele yake.
Wiki sita: kiapo, wakili, muhuri, picha, nauli,
kwa kistari ambacho hata mama hakitamki.

Basi nikarekebisha, mahali kumi na nne,
kila jina nikilisoma kwa sauti
hadi Shekuwe akachukua chaja akaenda zake.
Sera ikapita tena, dakika tano, dakika tano nyingine,
na saa kumi na robo
makontena yakaanza kuonekana ghalani.

Folda zile nimezifuta, isipokuwa moja
kwenye seva ya mwisho, tupu, na mabano yake.
Sijui kwa nini.

Juu ya mstari wa kwanza nikaacha maelezo,
mahali mashine haisomi:
Hapa tunatumia kistari cha chini. Tafadhali.
Nikatia jina langu,
lile la cheti,
na kistari chake katikati.