Mkono Chini ya Gunia

Mama yangu, Ng'washi, hanunui gunia kwa macho.
Pale Mwaloni, mwaka wa thelathini na moja sasa,
huvua bangili, hukunja mkono wa gauni,
huzamisha mkono mpaka kwapani
ndani ya dagaa wakavu,
akitafuta kule chini kusikojua kudanganya:
mchanga, unyevu, chenga za juzi.

Mimi nimenunua ndege kwa simu.

Ndege ndogo, viti viwili, usukani mbili,
kongwe kunizidi mimi,
iliyofundisha vijana wa Ndola kupaa na kutua.
Zaidi kutua.

Bwana Chisanga alinitumia picha kumi na tisa,
zote za upande wa kushoto.
Nikauliza, na kulia?
Akajibu, kama kushoto, dada.
Nimekula pilau kwenye harusi za watu
walioposana kwa picha.
Naijua hiyo kushoto.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
ila hapa daftari lilikuwepo, nene, lina madoa ya oili,
kilichopotea ni kurasa:
kutoka Machi mpaka Novemba, mwaka mmoja mzima wa mashaka.
Ndege ilikuwa wapi, Bwana Chisanga?
Ilikuwa inapumzika.
Ndani au nje?
Vitiki viwili vikageuka bluu.
Nilikuwa Kiseke, juu ya jiwe nyuma ya nyumba
ambako mtandao hushika vizuri,
nikabaki pale na vile vitiki
mpaka jiwe likapoa chini yangu.

Basi nikakodi mkono.
Mwape, fundi wa Kitwe, binti mwenye maneno machache.
Nikamwambia: usinipigie picha ya rangi.
Ng'oa viti. Inua zulia. Lala chali.
Ingiza mkono mpaka kwapani.

Akanirudishia kidole chake, kwa karibu,
kina unga mweupe kama chumvi iliyolala nje:
bati la chini ya kiti cha kulia limeanza kuliwa.
Akanirudishia kiota cha nyigu, kitupu.
Akaandika: silinda ya tatu inapumua
kama mgonjwa anayepandishwa Bugando kwa miguu.
Kisha, baada ya dakika kumi:
zilizobaki ni nzima. Mimi ningeruka nayo.

Tukavutana siku tisa.
Bwana Chisanga akasema, kutu hiyo haijaanza leo.
Nami sijaanza leo kununua, nikasema,
uongo wangu wa kwanza katika biashara,
na sauti iliyotoka haikuwa yangu,
ilikuwa ya Mwaloni.
Akashusha bei ya silinda moja na bati moja.
Benki wakauliza, sababu ya malipo?
Nikaandika: vifaa vya kufundishia.

Rubani alinitumia majina ya miji, basi.
Kasama.
Songwe.
Tabora.
Halafu hakuna kitu.
Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mawe kama yana deni nasi.
Nikahesabu mafuta, nikahesabu upepo,
nikahesabu ada za wanafunzi ambao sijawapata bado.

Ikaja chini chini kutoka kusini,
ndogo kuliko picha zake,
ikagusa lami, ikaruka kidogo,
ikagusa tena, kama mwanafunzi.
Korongo mmoja akasogea pembeni bila haraka.

Mama alikuja na nguo za kazi, na harufu ya kazi.
Watu walikuwa wanapiga picha rafadha.
Yeye akazunguka upande wa kulia.
Akavua bangili, akanipa nimshikie.
Akafungua mlango, akainama,
akazamisha mkono chini ya kiti,
akakaa hivyo muda mrefu, anatazama ziwa
kama mtu asiyefanya lolote.

Akautoa, akasugua vidole, akanusa.

"Kuna mchanga kidogo," akasema.
Najua, mama.
"Uliulipia?"
Hapana. Aliutoa kwenye bei.

Akachukua bangili zake.
"Haya," akasema. "Funika."