Mstari wa Thelathini na Moja

Kamati ya maadili ilinipa fomu ya kurasa kumi na moja.
Penye kisanduku kilichouliza, *Hatari kwa washiriki?*
niliandika: hakuna.
Mkono haukutetemeka. Nje theluji ilikuwa imefika madirishani.

Data zilikuja zimevuliwa majina
kama samaki walioparwa magamba:
nambari tu, saa, na maneno yaliyotafutwa
kwenye kompyuta nne za maktaba yetu,
katika mji wa watu elfu mbili na mia sita
uliobanwa kati ya mlima na maji ya Aisilandi,
ambako jua hututoroka Novemba
na likirudi, mwishoni mwa Januari,
tunalipokea kwa kahawa na chapati za maji
kama mgeni aliyekuwa akitudai.

Nilitaka grafu. Nilitaka shahada.
Nambari saba alitafuta bei ya matairi ya theluji, siku tisa mfululizo.
Nambari kumi na tisa alitafuta sala za Kipolandi,
kisha nauli ya kwenda Gdansk,
kisha sala tena.
Nilicheka kidogo, nikawagawa: biashara, dini, safari.

Halafu wewe.
Jumanne na Alhamisi, saa nne na robo.
*dawa ya kusahau.*
*kusahau majina ya wanafunzi wa zamani.*
*je, mtu anaweza kusahau jina la mke aliyemzika.*
Na siku moja neno moja tu, mara sita,
kana kwamba unaiwekea mashine amana:
*Salvör.*
*Salvör.*

Hakuna anayeweka nukta mwishoni anapotafuta kitu mtandaoni.
Hakuna, ila mtu mmoja,
aliyesimama mbele yetu darasa la sita, chaki kwenye mkono wa sweta,
akasema sentensi isiyo na nukta
ni mlango ulioachwa wazi,
na ninyi, watoto, mnajua baridi ya hapa.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Sikuwa nimeomba kuwa kata.

Ulikuja kwenye meza yangu kurudisha kitabu cha ndege wa baharini.
"Utafiti unaendeleaje," ukaniuliza, "utafiti wako..."
na pale, baada ya *wako*, nikaliona pengo.
Nikaona macho yako yakipekua kabati baada ya kabati
wakitafuta, watoto wote wa miaka thelathini, yupi ni huyu.
Ningeweza kukutajia jina langu.
Lakini kukusaidia kungekuwa kukiri
kwamba nilikuchungulia.
Nikasema, "Vizuri." Nikapiga muhuri.

Usiku nilimpigia msimamizi wangu Reykjavik.
Bergljót alisikiliza, akanywa kitu, akasema:
"Mfute. Mstari mmoja hauvurugi wastani."
Kweli, hauvurugi. Nilijaribu.
Wastani haukujua hata kama uliwahi kuwepo,
na hilo ndilo lililoninyima usingizi,
kwamba dawa niliyopewa ya kukulinda
ni ugonjwa uleule uliokuleta kwetu.

Nilifuta. Nikaomba fomu mpya.
Kwenye kisanduku cha hatari
niliandika neno moja: mimi.
Kisha nikaongeza aya mbili, maana kamati haipendi ushairi.

Alhamisi tulifika kazini na vibandiko vifuani,
herufi nene, nyeusi, zinazosomeka kutoka mlangoni.
Niliwaambia wenzangu ni kwa ajili ya watalii.
"Watalii? Februari?" akauliza Hildigunnur,
lakini alikibandika.

Saa nne na robo ukaingia, ukapangusa viatu,
ukatazama kifua changu, ukachukua muda wako.
"Steinvör," ukasema.
Ukalisema kama zamani ulivyoita mahudhurio,
na nikaisikia nukta.

Ukaenda kwenye kompyuta ya pili.
Mimi nikageuzia kiti changu dirishani.

Jedwali langu linatoka thelathini, linaruka thelathini na mbili.
Mtahini akiuliza, nitamwambia
kuna mlango pale, na nimeufunga.