Sanduku la Tatu

Sanduku la kwanza lilifunguka kwa kofi.
La pili kwa nyundo ya fundi wa stesheni.
La tatu lilikataa siku nne,
likatulia chini ya kitanda cha marehemu
kama mgeni asiyetaka kuaga.

Mchwa walitutangulia.
Barua za Bwana Disii walizisoma toka pembeni hadi kati,
wakabakiza sahihi,
wakabakiza neno *mwaminifu* limetoboka tumbo.

Niko hapa Butere tangu Machi.
Meza aliyolia Chifu Ainea Namayi
sasa ni yangu: brashi laini, glavu za pamba,
karatasi za kufyonza unyevu, mkebe wa penseli.
Wino haukanyagi chumba hiki.
Nimeibandika sheria hiyo mlangoni, na bado juzi
nilimkuta kitukuu na biki, anamchorea Chifu masharubu.

Nilikwisha kupanga haya:
stakabadhi za pamba kutoka kinuni, miaka kumi na mmoja;
tiketi ya gari moshi, Kisumu–Butere, daraja la pili,
haina tundu (nani angethubutu kumtobolea?);
barua ya mwanawe aliyesoma Maseno:
"Baba, viatu vinanibana, na Mwalimu anakusalimu";
picha ya nishani, picha ya kofia,
picha ya nishani na kofia.

Ami Habakuki huja saa kumi na kikombe chake cha chai ya rangi.
"Ukoo huu ni mkubwa," husema,
akihesabu picha kama mtu anayehesabu ng'ombe jioni.
Jumba la kumbukumbu litajengwa. Mabati yameahidiwa.

Ndipo la tatu likafunguka.
Daftari moja. Jalada jeusi, mgongo wa kitambaa.
Mwandiko wa Chifu, wima kama askari gwarideni:
*Waliopelekwa kubeba mizigo ya vita.*
Thelathini na mmoja.
Mukabwa. Oteba. Shitseswa. Ndugu wawili, mama mmoja.
Na mbele ya majina kumi na tisa
neno lile lile, *hajarudi*,
hajarudi, hajarudi,
na wino wa siku zile, wenye chuma ndani yake,
umeila karatasi hadi mahali pengine
neno limedondoka, limebaki tundu lenye umbo la neno.

Lakini pembeni kuna penseli.
Herufi nene, za mtu aliyejifunzia kusoma ukubwani:
*Mama yake alikuja leo. Nimempa mtama.*
*Mama yake alikuja tena.*
*Huyu ana kigugumizi. Wakimwita, wamsubiri.*
*Mama yake haji siku hizi.*

Trufosa. Mke wa pili.
Yule ambaye kila picha imemkata bega.

Habakuki alisoma amesimama, kisha akakaa.
"Hili lingeweza kupotea," akasema. "Mchwa ni wengi."
Nikamjibu: mchwa wamekula sifa zote, ami,
hili hawakuligusa.
Sikuwa nasema mafumbo. Kulimwagika mafuta ya taa sandukuni,
bado linanuka.

Chai ikapoa.
"Sisi tuliambiwa Mukabwa alitoroka deni," akasema.
"Hadi leo tunawaita wanawe watu wa kutoroka.
Tumepakana nao. Ua ni mmoja."

Kwenye orodha nikaandika:
*Sanduku 3, kitu 1. Daftari. Mikono miwili.
Hali: wino unakula. Penseli iko sawa.*

Jumanne wakaja, pikipiki mbili, watu watano.
Mama mmoja akavaa glavu zangu, zikampwaya.
Hakulia. Hakutaka kusomewa upande wa Chifu.
Alipita pembeni na kidole, polepole, mstari hadi mstari,
kisha akauliza: mtama kiasi gani?
Nikamwambia haikuandikwa.
Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepunjwa sokoni
na hana ushahidi.

Wakaomba fotokopi mbili.
Mashine ipo, stima imepotea tangu alfajiri.
Tukakaa kimya, sote, tukiitazama meza.
Nyuma ya nyumba tukamsikia Habakuki
akivuta kamba ya jenereta,
mara moja, mara ya pili,
mara ya tano.